UZI: Kilima cha mita 191 na wimbo unaohesabiwa saba. Tujadili singo ya kwanza ya Peter Gabriel

#1 MwanaKanda

Wakuu salaam. Leo tuweke siasa na ligi kando kidogo. Nina wimbo nimeubeba tangu utotoni, na jina lake nimelijua nikiwa tayari na mvi.

Marehemu mjomba alikuwa baharia. Kila meli yao ikitia nanga Tanga alishuka na vitu viwili: sabuni za kunukia za mama, na kanda za kaseti. Zenyewe za kurekodiwa, hazina picha wala orodha, juu kaandika kwa kalamu ya wino. Moja iliandikwa ZA BAHARI 4. Upande wa pili, baada ya disko tupu, kulikuwa na wimbo wa gitaa kavu unaoanza kama mtu anayepanda ngazi gizani: hatua, hatua, hatua, halafu kama anakosa ngazi moja, anaendelea. Kiingereza cha mjomba kilikuwa cha kuomba kamba na dizeli, cha nyimbo hakukiweza. Alidaka neno moja tu, kilima. Basi nyumbani ukaitwa "wimbo wa kilima". Kanda ikaja kuliwa na redio, mjomba akatangulia mbele ya haki, wimbo ukabaki kichwani hauna jina.

Mwaka juzi niko kwa fundi simu nasubiri kioo, ukapigwa. Nilimshika fundi mkono akadhani namkaba.

Ni Solsbury Hill wa Peter Gabriel. Umetoka 1977, singo yake ya kwanza baada ya kuihama bendi ya Genesis. Prodyuza Bob Ezrin, yuleyule aliyetengeneza albamu za Alice Cooper, na walirekodi Toronto, Kanada. Uingereza ulifika namba 13, Marekani ukaishia namba 68, kwa hiyo haukuwa wimbo wa kuvunja chati. Roki laini ya gitaa, filimbi na kinanda, hakuna anayepiga kelele mpaka karibu na mwisho. Solsbury ni kilima cha kweli, juu ya kijiji cha Batheaston karibu na mji wa Bath, na wako wanaosema watu wa kale walikiona kitakatifu.

Swali langu sasa. Nyimbo zetu za mahali hupasifia mahali. Zitataja mto, minazi, ukoo wa chifu, mpaka samaki wa pale. Huyu bwana amepanda kilima chenye historia ya zaidi ya miaka elfu mbili, na ndani ya wimbo hakuna historia hata tone. Kuna usiku, taa za mji kwa mbali, upepo, tai anayetokea gizani, na sauti inayomwita arudi nyumbani. Basi. Kwa nini ataje jina la kilima halafu asituambie chochote kukihusu?

Karibuni.

#2 chumvi_kidogo

Nimewahi siti ya dirishani. Ngoja wajuzi waje.

#3 KapoFretiYaPili

Mleta uzi umenigusa. Nimepiga gitaa kwenye mahoteli miaka kumi na minne na huu wimbo ndio ulioniaibisha mara nyingi kuliko wowote.

Hiyo "ngazi anayoikosa" mjomba wako na wewe mmeisikia sawasawa kabisa. Dansi letu karibu lote linahesabiwa nne. Chakacha sita. Huu unahesabiwa SABA. Mguu wako unangoja pigo la nane, halipo, fungu jipya limeshaanza. Mtu asiyejua atadhani bendi imekosea.

Wengi hapo hupotea. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa kwaya kwamba ukishindwa kuhesabu kwa namba, hesabu kwa maneno. Nikatafuta maneno ya Kiswahili yenye silabi saba, nne na tatu, nikapata haya:

ni-na-kwe-nda / nyu-mba-ni

Jaribu. Piga paja kwa kila silabi, rudia bila kupumzika katikati. Ninakwenda nyumbani ninakwenda nyumbani ninakwenda nyumbani. Huo ndio wimbo mzima, na bahati nzuri hata maana inalingana.

Jambo la pili: mbona haumchefui msikilizaji kama nyimbo nyingine za hesabu za ajabu? Kwa sababu dramu la mguu linagonga kila pigo kwa usawa, du du du du du du du, kama moyo au kama mtu anayetembea. Chini pametulia, kinachochechemea ni cha juu.

La tatu ndilo ninalolipenda. Mwisho wa kila kiitikio, pale sauti inapomwambia akusanye vitu vyake arudishwe kwao, hesabu inabadilika kwa mafungu mawili. Inakuwa nne. Kwa sekunde chache tu miguu inakanyaga ardhi tambarare, kisha safari ya saba inaanza tena.

Gitaa limepigwa na Steve Hunter, kwa vidole, dole gumba linaendesha besi na vidole vingine vinachezea juu. Kwa wanaotaka kujifunza: kapo (kile kibanio cha nyuzi) freti ya pili, piga maumbo ya A, itatoka B. Msianze na spidi ya wimbo, mtaumia.

#4 Lengai_Mweupe

Samahanini, mita 191??? 😂 Hicho kwetu ni kichuguu. Mchwa wanajenga zaidi.

Mimi nimezaliwa naiona Ol Doinyo Lengai mlangoni, mita 2,962. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, na ukikasirika unatema lava nyeusi ambayo baada ya muda inageuka nyeupe kama majivu ya ibada. Hakuna volkano hai nyingine duniani yenye lava ya namna ile. Wazee wanaupandia kuomba mvua na watoto. Na hatujautolea singo! Mzungu akipanda kichuguu anatoa wimbo, unafika namba 13.

#5 MwanaKanda

Mkuu Lengai nimecheka, lakini ngoja nikutetee hicho kichuguu. Juu yake kumesawazishwa kama meza, na kulikuwa na ngome ya watu wa Enzi ya Chuma, karne chache kabla ya Kristo. Urefu haukuwa shida yao. Walitaka mahali pa kuona anayekuja.

Na huyu bwana naye alikuwa na sababu ya kupanda. Genesis waliianzisha wakiwa shule, Charterhouse, shule ya bweni ya watoto wa wenye nazo. Kufika 1974 bendi imeshakuwa kubwa, yeye ndiye sura yake, anavaa vinyago na mavazi ya ajabu jukwaani. Mwaka huohuo binti yake wa kwanza akazaliwa kwa shida, mtoto akalazwa ndani ya chombo cha joto, na wenzake wanataka albamu iishe. Ziara ikiwa ndiyo kwanza imeanza akawaambia anaondoka, ila atamaliza maonyesho yaliyobaki. Akamaliza kweli, Mei 1975. Umma ukatangaziwa Agosti. Miezi yote hiyo ya ziara anapanda jukwaani kila usiku akijua, na watazamaji hawajui.

Kisha akakaa nyumbani karibu na Bath. Akalea, akalima mboga. Ndipo ukaja huu wimbo. Mwenyewe ameeleza kuwa unahusu kuwa tayari kupoteza ulichonacho kwa ajili ya kile unachoweza kukipata.

(Kwa faida ya wasiojua: nafasi yake ya kuimba ilichukuliwa na mpiga dramu wa bendi. Phil Collins. Ndiyo, huyohuyo wa kwenye kila harusi ya miaka ya tisini.)

#6 chumvi_kidogo

Kumbe Phil Collins alikuwa mpiga dramu tu?! Humu ndani mtu anajifunza bure.

#7 ShangaziBristol

Naishi Bristol mwaka wa kumi na moja sasa, kazi ya kulea wazee. Bath ni dakika chache kwa treni. Nimekipanda hicho kilima mara tatu, na mara ya kwanza sikuwa najua habari ya wimbo. Alinipeleka bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, alitaka kuona tena mahali alipochumbiwa.

Wanangu, njia ni nyembamba, magari mawili hayapishani, na mahali pa kuegesha ni ugomvi. Mwisho unatembea. Juu ni majani matupu na upepo. Upepo ule si wa kusimulia, unakuvua kilemba. Unaiona Bath yote kule chini, majengo yake ya mawe ya rangi ya asali, na mto Avon. Kilima kiko chini ya dhamana ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, walikabidhiwa 1930. Utaona pia mizunguko imechongwa kwenye majani, kama njia inayojikunja mpaka katikati. Hiyo si ya kale. Ilichongwa miaka ya tisini na watu waliokuwa wanapinga barabara ya mchepuko isipite chini ya kilima. Mwaka 1994 walilala juu ya miti, wakajifunga kwa minyororo. Barabara ilijengwa hata hivyo, ukisimama juu unaisikia ikiunguruma.

Sasa kuhusu utakatifu. Wako wanaosema jina Solsbury linatokana na Sulis, mungu wa kike wa chemchemi ya Bath. Chemchemi ipo mpaka leo, maji yanatoka ardhini yenyewe yakiwa na joto la nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Warumi walipofika wakamkuta Sulis, hawakumfukuza, wakamuunganisha na Minerva wao na kujenga hekalu. Mji wakauita Aquae Sulis, maji ya Sulis.

Na kitu kilichonichekesha kwenye makumbusho pale. Wamechimba vibao vya risasi kama 130 ndani ya chemchemi. Watu waliandika mashtaka kwa mungu wakakunja kibao wakakitupa majini. Mashtaka yenyewe mengi ni ya wizi! Nguo zimeibwa bafuni. Bwana mmoja Docimedis kapoteza glavu mbili, anaomba aliyeziiba apoteze akili na macho. Glavu mbili!

#8 pweza_wa_nazi

SHANGAZI HIYO NI ALBADIRI 😂😂😂

Nawaambieni watu ni walewale. Kwetu Bagamoyo mtu kaibiwa kuku anatangaza msikitini "nampa mpaka Ijumaa". Docimedis alikuwa Mpwani yule, fuatilieni nasaba.

#9 Zaburi121

Mimi niulize kwa nia njema. Sauti inayomjia mtu usiku mlimani, na ndege anayetokea gizani, na mahali penyewe palikuwa pa mungu wa kipagani. Hamuoni kama kuna roho nyingine hapo? Nyimbo hizi tunazipigia watoto.

#10 MwanaKanda

Ndugu Zaburi, jina lako lenyewe ni la mtu anayeinua macho aitazame milima. Musa alipandia Sinai. Mtume alikuwa pangoni Hira, juu ya mlima, usiku. Sisemi Gabriel ni nabii, hasha, ni mwimbaji aliyechoka na kazi. Ila mtu aliyezidiwa akipanda juu akae peke yake asikilize, huo si upagani wala uzungu. Nimeusikia wimbo huu tangu nina miaka saba na bado nafunga Ramadhani zote.

Kuna jambo moja nakukubalia: wimbo haumtaji anayesema. Unaweza kuamini ni Mungu, ni marehemu, ni moyo wake mwenyewe.

#11 MdigoWaKinondo

Mleta uzi, nimesoma swali lako la kwanza mara mbili. Wenzangu wanacheka na urefu wa kilima lakini swali halijajibiwa. Wacha mimi nijaribu, natokea Kwale.

Sisi Wamijikenda tuna kaya. Ni misitu iliyobaki pale vijiji vyetu vya zamani vyenye boma vilipokuwa, na kadhaa kati yake iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2008. Kaya Kinondo iko hapa Diani, hoteli za kitalii ziko karibu kabisa. Ukija, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Haukati kijiti. Hautoki na jani, hata likianguka lenyewe mfukoni mwako. Watu hawabusiani mle. Ndani kabisa kuna fingo, kago la kuilinda kaya, lilizikwa na wazee walioanzisha kaya, na lilipo hauonyeshwi, wala hauulizi.

Nikiwa kidato cha tatu nilipata redio ya kurekodi. Nikamwendea nyanya nikamwambia niimbie nyimbo za kayani, nitaziweka zisipotee. Aliniangalia muda mrefu. Akasema, "Mjukuu wangu, nikikuimbia hapa jikoni itakuwa nimekuimbia kuhusu jikoni." Akaendelea kukuna nazi. Nilikasirika wiki nzima.

Akaniimbia wimbo mwingine siku hiyohiyo jioni. Ulikuwa wa msichana aliyetumwa kuni, akachelewa, akarudi na kitu usoni ambacho mama yake hakukitambua. Msitu haukutajwa hata mara moja. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu kwamba alikuwa amenipa nilichoomba, kwa njia ambayo haikumvunjia mwiko.

Kwa hivyo mimi nauona wimbo wako hivyo. Jamaa ametaja jina la mlango akanyamaza kuhusu ndani. Ametuonyesha uso wa aliyerudi.

#12 MwanaKanda

Mdigo, nimeweka simu chini nikatoka nje kidogo. Asante.

Hii inanieleza hata ile namna anavyohofia kuwasimulia wenzake. Ndani ya wimbo kuna mahali anasitasita, anaona wakisikia watamwona kichaa, na kwa muda anaendelea na maisha yake ya kila siku kama mtu anayeigiza. Mimi nilidhani ni habari ya bendi tu. Kumbe inaweza kuwa ni habari ya mtu aliyetoka mahali na hana ruhusa, au hana maneno.

#13 Lengai_Mweupe

Nafuta neno kichuguu. Ila Lengai bado ni mrefu.

#14 Tete_la_Buyenzi

Amahoro, niko Bujumbura, Buyenzi, kwa hiyo Kiswahili changu mtakivumilia.

Mnaongea juu ya kilima cha Uingereza na mimi nawaza Gishora. Ni kilima karibu na Gitega, kulikuwa nyumba ya ngoma za mwami (mfalme) Mwezi Gisabo. Ngoma mbili zinakaa pale hazipigwi ovyo, Ruciteme na Murimirwa. Moja jina lake ni "anayekatiwa msitu", nyingine "anayelimiwa". Kwetu ngoma ilikuwa ufalme wenyewe, kilima kikilinda ngoma na ngoma ikilinda nchi.

Kwa nini nasema hii? Kwa sababu huyo Peter Gabriel, miaka mitano baada ya huo wimbo, alikuwa ameanzisha na wenzake WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali. La kwanza lilikuwa Julai 1982, Shepton Mallet, si mbali sana na kilima chenu hicho. Na wapiga ngoma wa Burundi walikuwepo. Baba yangu mdogo alikuwa na picha ya gazeti ameibandika ukutani: wanaume wenye ngoma kichwani kwenye majani ya Uingereza, wazungu wamekaa chini wanatazama juu.

Lakini tamasha lilipata hasara mbaya, madeni yakamfuata yeye. Sasa angalieni nani alimsaidia. Genesis! Wale aliowaacha. Oktoba 1982 walikutana naye tena kwa usiku mmoja tu, Milton Keynes, mvua inanyesha, ili pesa zilipe deni la WOMAD. Aliingia jukwaani akiwa ndani ya jeneza wamembeba. Na usiku huo walipiga pamoja naye Solsbury Hill.

#15 KapoFretiYaPili

Subiri. Walimpigia wimbo wa kuwaacha wao wenyewe? Ili walipe deni lake?

Nimekuwa kwenye bendi nne. Nilipoondoka moja wapo hawakunirudishia hata waya wangu wa gitaa.

#16 Tete_la_Buyenzi

Ndiyo hivyo, kaka. Na mvua.

#17 KapoFretiYaPili

Basi nimalizie mimi kipande cha kwetu, maana wengi humu wanadhani wimbo huu ni wa mbali.

Mwaka 1989 Gabriel na wenzake wa WOMAD walianzisha lebo ya Real World. Studio yake iko kijiji cha Box, kinu cha zamani kando ya maji, mwendo mfupi wa gari kutoka Solsbury. Mwaka uleule wa kwanza wakatoa albamu ya nani? Remmy Ongala na Super Matimila, Songs for the Poor Man. Mwaka 1992 wakatoa ya pili, Mambo. Dokta Remmy, mzaliwa wa Kindu Kongo aliyekuja kuwa Mtanzania kuliko sisi, mtu aliyepewa kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy! Alirekodi chini ya vilima vile.

Mwaka 1990 wakamtoa Geoffrey Oryema wa Uganda. 1993 Ayub Ogada na nyatiti yake, kinubi cha Wajaluo. 1996 Hukwe Zawose, albamu ya Chibite. Sikilizeni hizo mfululizo usiku mmoja, mniambie mmelala saa ngapi.

#18 kamanda_bei

Nilijua tu tutafika hapa. Mzungu anapanda kilima, anapata maono, anafungua lebo, anawachukua wazee wetu, anauza "muziki wa dunia". Muziki wa dunia ndio nini? Wao muziki wao ni wa wapi, wa mwezini? Duka zima la nyimbo zao lina mafungu ishirini, roki, popu, jazi, halafu Zawose na Remmy na wapiga ngoma wa Burundi wanawekwa sanduku moja kana kwamba wanatoka kijiji kimoja.

#19 IlimbaYaDodoma

Kamanda, kuhusu sanduku nakuunga mkono kwa mikono miwili. Lile jina la sanduku ni uvivu wa wauzaji.

Kuhusu Mzee Zawose, niseme kama Mgogo. Tangu lini sisi wenyewe tulimpa nafasi? Nyerere ndiye aliyemwita Dar baada ya uhuru, akapigia taifa, kisha akafundisha Bagamoyo, vizazi na vizazi. Lakini redio zetu zilimpiga lini? Siku ya sherehe za taifa, dakika tatu, kisha taarifa ya habari. Ile sauti yake inayoanzia chini kama mnyama na kuruka juu mpaka inakuwa ya mtoto, ilimba, ile ala ya vyuma vya kupiga kwa dole gumba, ikitetemeka chini yake, niliisikia vizuri kwa mara ya kwanza kwenye diski ya Real World aliyokuja nayo mtalii. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya Gabriel.

Mwaka 2002 Gabriel alimchukua yeye na Charles Zawose kwenye ziara yake. Mzee alifariki mwaka uliofuata, Desemba 2003. Mwaka huohuo wa 2003 kundi la Erasure waliurudia Solsbury Hill ukafika namba 10 Uingereza, juu ya wa mwenyewe.

Na kama mnatafuta hesabu zinazochechemea, acheni Solsbury kwanza. Njooni msikilize wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja. Mwalimu wa gitaa atalia.

#20 KapoFretiYaPili

Nimeshalia, 2009, Chamwino. Sikupata hata pa kuingilia.

#21 kamanda_bei

Sawa Ilimba, umenifunga goli. Ila la sanduku sirudi nyuma.

#22 ShangaziBristol

Mdigo, maneno ya nyanya yako nimemsimulia yule bibi wangu wa Bath. Sasa hasikii vizuri, nilimwandikia kwa herufi kubwa. Kumbe ameishi chini ya kilima miaka themanini na wimbo hajawahi kuupenda, anasema vijana wanaoupandia na gitaa wanasumbua ng'ombe. Nikamuuliza, basi siku ile ulivyochumbiwa pale juu, alikuambia nini? Akacheka tu. Akaniomba nimfunge skafu.

#23 Zaburi121

Nimeusikiliza. Mara sita. Sina la kuongeza kwa sasa, naomba tu mtu aniwekee maneno ya kuhesabia yale tena, uzi umekuwa mrefu siyaoni.

#24 MwanaKanda

Ni-na-kwe-nda nyu-mba-ni, ndugu yangu. Usipumzike baada ya "ni".

#25 chumvi_kidogo

Wakuu mimi nilikuja kukaa dirishani tu. Leo jioni nimetoka Mwenge nimeweka spika za masikioni, nahesabu saba kwenye paja kama Kapo alivyosema. Nikaipata! Nikawa nangojea zile nne mbili za mwisho wa kiitikio, zikaja, nikasema kwa sauti "ndiyo!" Konda akadhani nimesema nashuka, akagonga bati, dereva akasimama. Nikaona aibu nikashuka kweli.

Nimeinua macho, nimeshushwa Sinza kwa Remmy. Kwangu ni vituo vitatu mbele. Natembea sasa hivi nikiwaandikia, na miguu imekataa kabisa kwenda nne.